Tuta la Wadudu

3 Machi

Kwa mwanangu kitindamimba,

Salamu zangu zikufikie hapo mezani kwako, kama bado pana nafasi kati ya mihuri yote hiyo. Mimi ni mzima, ila magoti ndiyo yananikumbusha umri. Wewe je, unakula vizuri? Kifua kimeacha kukusumbua?

Basi tuje kwenye shauri letu. Simu zako nimeziona na sipokei. Kwa simu unanizidi maneno, kwa barua tutakuwa sawa. Huyu dereva wetu, Polepole, atazibeba huku na huko, maana lori lake la mboga linapita mpakani kwenu kila wiki.

Na ni huyo huyo Polepole aliyenieleza yote. Masanduku yangu ya mchicha na bamia yalishushwa, ukavaa glavu, ukageuza jani moja moja, ukamkuta kiwavi. Mmoja, mwanangu! Mdogo kuliko ukucha wa mtoto. Ukaandika "hairuhusiwi" na mzigo wote ukamwagwa kwenye shimo lenu ukateketezwa, mbele ya madereva wote wanaojua kuwa mimi ndiye mama yako. Angefanya mtu mwingine ningesema ni kazi yake. Lakini wewe nilikubeba mgongoni kwenye bustani hiyo hiyo, na viwavi wa namna hiyo walikutambaa shingoni ukacheka.

Nilikasirika, sikufichi. Unalijua tuta la mwisho, lile la ukingoni karibu na ua, ambalo bibi yako alilipanda kila msimu na hakuna aliyethubutu kuchuma hata jani. Tuta la wadudu. "Hili lenu, yale yetu," alikuwa akiwaambia, na mimi nimewaambia hivyo miaka yote tangu tumzike. Juzi nimeling'oa lote. Nikasimama na jembe langu nikasema kwa sauti: "Mwanangu hawataki ninyi. Ondokeni. Kama hamna pa kwenda, nendeni kwake, yeye ndiye hodari wa kuwatafuta." Jirani mfuga nyuki alinisikia kutoka kwake, akacheka mpaka akakaa chini.

Msimu huu utaona mboga. Ukikuta mdudu hata mmoja, niite muongo.

Ni mimi mama yako, na bado nimekununia.


9 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na naona kununa hakujakupunguzia maneno. Mimi sijambo, kifua kimepoa. Pole na magoti. Ile dawa ya kuchua nimempa Polepole akuletee.

Mama, kiwavi yule upande huu hayupo. Akiingia na masanduku yako, mwaka ujao atakuwa kwenye mashamba ya watu ambao hawajawahi hata kumwona, na hawatajua wamfanyeje. Ndiyo maana ya kazi yangu. Mwenzangu Miwani alikuwa amesimama begani kwangu akinitazama. Ningepitisha mzigo wa mama yangu, ningempa sababu gani mama wa mtu mwingine? Sheria ni msumeno. Nilipomaliza kuandika niliingia chooni nikalia, kisha nikanawa uso nikarudi kazini. Hayo Polepole hakukueleza kwa sababu hakuyaona.

Sasa nisikilize, ili usikwame tena. Osha vizuri, kata mizizi yote, udongo usibaki hata chembe. Tazama chini ya jani, karibu na kikonyo, hapo ndipo wanapojificha. Masanduku yawe mapya. Na kabla hujafunga, mwite Bwana Shamba akague bustani nzima, ndipo akutilie sahihi cheti cha afya ya mimea. Bila cheti hicho hata ungekuwa mama wa waziri usingepita.

Ila tuta la bibi, mama, lirudishe. Sisemi naamini wala siamini. Wewe ndiye uliyenifundisha kulisalimia kabla sijajua kusalimia watu, na nimesoma barua yako nikahisi kama nimeambiwa umevunja kitanda cha marehemu.

Ni mimi mwanao anayekupenda, hata ukinuna.


30 Machi

Kwa Bibi Mkaguzi,

Hujambo? Mimi sijambo sana. Magoti yamepata nafuu kidogo kwa dawa yako, asante.

Keti vizuri usome. Bwana Shamba amekuja na kioo chake cha kukuzia, amezunguka matuta yote mpaka jasho likamchuruzika. Amegeuza majani, amechimbua mizizi, amepiga magoti yeye na tumbo lake lile. Hakuona kitu. Hakuona hata sisimizi. Akaniuliza napulizia dawa gani, nikamwambia dawa ya hasira. Ametia sahihi huku akinitazama kama nimemficha mtu ndani ya nyumba.

Wamekwenda kweli, mwanangu. Siku ile niliyosema, kesho yake sikuona kitu kinachotambaa. Mchicha umesimama mpana, haujatobolewa hata jani moja, unang'aa mpaka unatia aibu. Chandarua nimekikunja nikakiweka sandukuni. Kuku tu ndio wananishangaza. Hawachakuri tena, wanasimama uani wakitazama ardhi, kama watu wanaojaribu kukumbuka jambo.

Tuta sirudishi. Mlitaka mboga safi, haya, hizo zinakuja na lori la kesho.

Mama yako, ambaye amenunua masanduku mapya kama ulivyoamuru.


6 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo, na hongera. Mzigo wako umepita. Nimeukagua mimi, kisha Miwani akaukagua kwa shaka zake zote, akapiga makofi. Muhuri nimegonga kwa furaha mpaka wino ukaruka. Wauza mboga wa huku wameuliza huyu mkulima ni nani, nikawaambia kwa kifua mbele kwamba ni mama yangu mzazi.

Lakini nikuambie kitu. Majani machache tuliyoyachukua kuyapima tuliyatupa kwenye shimo la taka, kama kawaida. Kwa joto la hapa, mboga ikilala shimoni siku inayofuata ni uji. Yako bado ni mabichi. Yamekaa juu ya uozo wa wengine kama yamechumwa sasa hivi, na nzi wamejaa shimo zima lakini juu ya majani yako hatui hata mmoja. Miwani alicheka, akasema mama yako analima plastiki. Mimi sikucheka. Kanuni zetu zinatuambia mdudu gani hatakiwi. Hakuna kanuni inayosema tufanye nini asipokuwepo mdudu kabisa.

Jingine ni hili. Asubuhi nilipokuwa nanywa chai chumbani kwangu, nilimwona kiwavi kwenye ukingo wa kikombe. Ni yule yule wa nyumbani, mwenye mstari wa manjano, ambaye upande huu hayupo. Nilipaswa kumtia kwenye chupa ya spiriti na kuandika taarifa. Hakujikunja wala hakukimbia, aliinua kichwa akanielekea. Nikamtoa dirishani na jani, na sijamwambia mtu. Nikarudi nikakuta wawili.

Mama, uliwaambia waje kwangu. Naandika kwa utani, lakini nijibu.

Mwanao.


2 Mei

Mwanangu,

Sijui kama hujambo, maana barua yako nimekaa nayo muda mrefu bila kuijibu. Mimi nipo.

Jirani amefungua mizinga yake. Nta imo, asali imo, nyuki hayumo hata mmoja. Hakunicheka safari hii. Amefunga virago akaenda kwa binti yake, na kufuli aliligonga kama mtu anayefukuzwa. Maua ya bamia na biringani yanadondoka bila kuzaa. Nimechukua unyoya wa kuku, napita ua hadi ua nikipaka chavua mwenyewe, na kati ya kumi nikipata tunda moja nashukuru.

Shimo la mbolea haliozi. Maganda niliyotupa mwezi uliopita ni kama nimemenya leo. Na kimya, mwanangu. Hujui chenene na nyenje wanaimba kiasi gani mpaka wanyamaze. Nasikia kope zangu zikigusa mto.

Paka alikufa nyuma ya ghala. Nilichelewa kumzika kwa sababu ya goti. Nilipokwenda, wiki ilikuwa imepita, nikamkuta amejilaza vilevile, manyoya yamelainika, hana harufu. Nilimwita. Mtu mzima kama mimi, nilisimama pale nikamwita paka aliyekufa kwa jina lake, nikasubiri aamke.

Jambo la mwisho ni la tumbo. Nakula. Nakula mchicha wangu, nakula kila kitu, na njaa iko palepale. Lile gauni langu la maua sasa linanizunguka mara mbili. Labda ni uzee tu, usije ukahangaika.

Mama yako.


8 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama, kwa sababu kiti changu hakina nafasi.

Wamefika, mama. Wote. Wako chumbani kwangu. Hawali kitu; mkate uko mezani na wameupita. Wamepanga foleni. Imeanzia mlangoni, ikapanda ukutani, ikapita juu ya dirisha, ikashuka hadi kwenye meza ninapoweka begi langu la kazi lenye muhuri. Viwavi wako mbele, kisha vidukari, mbawakawa, panzi, sisimizi wamebebana, na nyuki wako nyuma kabisa wamekunja mbawa. Hakuna anayemruka mwenzake. Nikisogea, wote wananigeukia. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawa hawanili. Wananingoja.

Miwani alimwona mbawakawa kwenye kola yangu tukiwa kazini. Mkuu wangu akatuma wapuliza dawa. Walipuliza mpaka rangi ikabanduka ukutani. Wadudu walikunja miguu, wakasubiri ikauke, wakaendelea kusimama. Sasa nimewekwa chini ya karantini mimi mwenyewe. Siruhusiwi kuvuka mpaka wala kukanyaga shamba lolote mpaka chumba kiwe safi. Ndiyo kanuni, na mimi ndiye ninayewafundisha kanuni hiyo wakaguzi wapya.

Nakuogopea, mama. Si uzee. Kila kilichotakiwa kula na kuozesha kimeondoka kwako, na naona hata chakula tumboni mwako hakina wa kukigusa. Nakuomba kwa magoti yote mawili: lipande tuta. Waite. Wewe ndiye uliyewafukuza, labda wakisikia sauti yako watarudi.

Mwanao, ambaye hana amani.


21 Mei

Mwanangu,

Mwandiko huu mbaya ni wangu. Mkono hauna nguvu.

Nimelipanda. Nilihamisha miche mikubwa kutoka matuta mengine ili lisichelewe. Nikasema maneno ya bibi yako, nikaomba na radhi juu. Nikakaa hapo kwenye kigoda tangu asubuhi mpaka kivuli cha ua kikanifikia. Hakuja hata nzi.

Hasira hasara, na hii ni yangu. Polepole alipita jana akanitazama akauliza mama mwenye nyumba yuko wapi. Daktari amenipima, anasema ugonjwa hauoni, ila chakula kinapita mwilini mwangu kama kilivyoingia. Amenipa vidonge. Navyo pia vinapita.

Nimewaza sana, nadhani nimeelewa. Mimi niliwatuma kwako. Wamefika kwako, wakafanya kama inavyofanya mizigo yote inayofika kwako, wakapanga foleni. Aliye kwenye foleni hawezi kuitikia mwito mwanangu, hata akiusikia. Anangoja kibali. Mimi ninaita bure, maana kibali kiko mkononi mwako.

Siandiki kukulaumu. Ungekuwa hapa ningekuegemea kidogo, basi.

Mama.


24 Mei

Mama yangu,

Sisalimii kwa kirefu, Polepole anawasha gari.

Nimefanya. Nilichukua karatasi ya cheti nikajaza kama ninavyojaza kila siku. Aina ya mzigo: wadudu hai, wa kila namna. Mahali pa asili: bustani ya mama. Mahali waendako: huko huko. Pale panapotakiwa kuandika kwamba mmea hauna mdudu, nikaandika kwamba wadudu hawa hawana mmea. Aliye mbele alikuwa yule kiwavi wa kikombe. Nilimpitisha chini ya kioo, tumbo na mgongo, nikaona niwakague wote, maana singeweza kutia sahihi kitu nisichokikagua. Nimekesha nao. Nikawasomea kibali kwa sauti, nikagonga muhuri.

Waligeuka wote kwa pamoja. Mlio wao ulikuwa kama shuka linalovutwa sakafuni. Wakatoka chini ya mlango, wakavuka barabara, wakaingia darajani, wakapita chini ya kizuizi. Walinzi walitazama juu, wakadhani manyunyu yameanza.

Nimepitisha wadudu mpakani bila kumwambia Mkuu, mimi niliyemwaga masanduku yako kwa kiwavi mmoja. Kazi ikipotea na ipotee. Wewe usipotee.

Wakifika, nijibu haraka, hata neno moja.

Mwanao.


10 Juni

Mama,

Shikamoo, popote ulipo ndani ya nyumba hiyo.

Hujajibu. Polepole anasema amepita kwako mara mbili. Anasema madirisha yamefungwa, na alipoita alisikia kama mvua inanyesha juu ya bati, na mbingu ilikuwa nyeupe. Barua yangu aliiacha getini. Anasema geti lilikuwa linatikisika na upepo haukuwepo. Amekataa kurudi ndani ya ua, na huyu ni mtu anayelala chini ya lori porini bila hofu.

Mkuu amekagua chumba changu, hakuona kitu, karantini yangu inaisha Jumamosi. Siku hiyo hiyo navuka. Nitakuletea machungwa, na ile supu ya mboga unayoipenda nitakupikia huko huko.

Kama umeninunia tena, nuna, lakini nijibu. Siku ile niliandika "hairuhusiwi". Nilitamani niseme huyu ni mama yangu, mpitisheni. Sikujua ningesemaje.

Mwanao.


12 Juni

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Barua zako mbili nimezipata, zililetwa mpaka ndani, sitasema na nani. Usinione kimya, mikono haikuwa na nafasi.

Walifika. Nilisikia mlio ule ule wa shuka, nikatoka nikashika ukuta. Walikwenda moja kwa moja kwenye tuta la bibi yako wakalila lote, majani, mashina na mizizi, mpaka ukabaki udongo mtupu. Nikawaambia karibuni, hili lenu, yale yetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli nimepona. Jana nilikula sahani nzima nikashiba, nikalia kwa kushiba. Paka amerudi udongoni kama kila mtu anavyorudi. Kuku wanachakura. Bamia imezaa.

Ila hawakurudi kama walivyokwenda. Wamekaa sana kwako. Hawagusi yale matuta yetu. Kila asubuhi wanapanga foleni mlangoni, nami natoka nakaa kwenye kigoda, wananikagua. Wananigeuza mkono taratibu, juu kisha chini. Wanatazama nyuma ya masikio, chini ya kila ukucha, kwenye mikunjo, pale pale ambapo wewe ungetazama. Inachukua asubuhi nzima. Nikijitikisa wanaanza upya, ndiyo maana sikuandika. Mpaka leo nimepita kila siku.

Jirani mfuga nyuki alirudi kuchukua mizinga yake. Alikata njia kupitia kwangu na alikuwa na nyanya mfukoni. Hakupita ukaguzi. Kofia yake nimeitundika uani, binti yake akija aichukue.

Basi Jumamosi njoo, nina hamu nawe mpaka kifua kinauma. Kinyongo sina, kilikwisha siku nyingi. Fika mchana, piga hodi getini, kisha ngoja kwenye tuta la mwisho mpaka niitikie mimi. Weka mikono mbele, viganja juu. Usicheke wakikutekenya. Nitawaambia huyu ni mwanangu, mpitisheni, lakini nakuambia mapema wasije wakakushtua: watakukagua kama mtu mwingine yeyote.

Na machungwa yaache huko huko, mwanangu. Usije na kitu chochote kibichi. Hairuhusiwi.

Ni mimi mama yako.